Tusibadili Kufuli Tukawafungia Nje Wenye Nyumba

Safari hii kalamu yetu imevuka bahari. Tulipanda boti ya asubuhi kutoka Unguja, tukashuka Dar es Salaam, na alasiri tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024. Kabla ya jua kuzama tulikuwa tumekwishafika chini ya milima ya Uluguru. Mgeni anayeingia Morogoro kwa mara ya kwanza hana budi kuinua uso. Ataona kilele cha Bondwa kikiingia na kutoka mawinguni, na juu ya kilele hicho ataona minara ya mawasiliano. Kutoka katika milima hiyo hiyo huteremka maji yanayoulisha mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kubwa la maji la wakaazi wa Dar es Salaam. Kwa hivyo twaweza kusema kwamba mlima ule huteremsha vitu viwili: maji na habari. Maji yakichafuliwa juu, walio chini huumwa. Je, na habari zikichafuliwa?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo mbele ya wasomaji wetu na mbele ya viongozi na watendaji wa Serikali, wa Bara na wa Visiwani.

Asubuhi ya pili tuliingia katika stesheneri moja ya mjini ili kutoa nakala za karatasi zetu. Stesheneri ya siku hizi si duka la kalamu na madaftari tu. Imekuwa ofisi ya pili ya Serikali. Hapo ndipo wananchi wanapojaziwa fomu, wanapoombewa nafasi za masomo ya watoto wao, na wanapofunguliwa ile inayoitwa "mifumo". Mbele yetu alikuwa amekaa mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima, aliyeteremka alfajiri kutoka katika kijiji cha mlimani. Mfumo anaoutumia kwa shughuli zake za kazi ulikuwa umehamishiwa katika utaratibu mpya wa kuwathibitisha watumiaji, na neno lake la siri la zamani lilikuwa limekataliwa. Ujumbe wa kumwezesha kuweka neno jipya ulikuwa ukipelekwa katika namba ya simu aliyokwisha kuipoteza zamani. Alikuwa amejaribu kwa siku tatu.

"Mama, usisumbuke," alisema kijana wa stesheneri kwa adabu njema. "Namba nitaweka ya kwangu, na neno la siri nitakuwekea mimi. Ukikwama tena, nipigie tu."

"Haya, mwanangu," alijibu mwalimu. "Mimi nataka nirudi. Nimeacha watoto darasani."

Kijana akatoa daftari. Akaandika jina la mwalimu, na pembeni yake akaandika neno la siri. Tuliona kwa macho yetu kwamba ukurasa ule ulikuwa umejaa majina ya watu wengine, kila moja na neno lake. Kisha akapokea ujira wake, mwalimu akashukuru, akaondoka kwenda kutafuta gari la kumrudisha mlimani.

Hatumlaumu kijana yule hata kidogo. Alifanya kazi ambayo ilistahili kufanywa na ofisi fulani, nayo haikuifanya. Wala hatumlaumu mwalimu, aliyekuwa akiwawahi wanafunzi wake. Lakini tulipotoka pale hatukuweza kulisahau lile daftari. Funguo za watumishi wa umma kadhaa zilikuwa zimelala juu ya meza ya duka, baina ya mkasi na chupa ya gundi, na mwenye duka akienda kula chakula cha mchana, daftari hubaki na anayeshika zamu.

Ndugu wasomaji, ni ukweli usiofichika kwamba nchi yetu imeingia katika zama ambazo kazi nyingi za Serikali hufanyika kwa mtandao. Sheria ya Serikali Mtandao ilipitishwa mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikapitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Mifumo mipya huzaliwa na mifumo ya zamani huzikwa. Katika mambo yote yanayohama kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya, kama vile majina, vyeo, kumbukumbu na hesabu, liko moja tu ambalo kwa desturi haliwezi kubebwa na fundi likatuliwa upande wa pili likiwa vile vile. Hilo ni neno la siri, ambalo wataalamu wa Kiswahili huliita nywila. Na kwa kuwa halibebeki, hapo ndipo mwananchi wa kawaida anapogongana na mabadiliko. Watendaji wengi hawalielewi jambo hili, na kwa kutolielewa huwalaumu wananchi kuwa ni wazito. Basi tulieleze.

Mtu asiyejua hudhani kwamba mfumo huliweka neno lake la siri katika orodha, kama vile karani anavyoandika majina katika rejista. Zamani ilikuwa hivyo. Mwaka 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha kompyuta inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja, na ili kila mtu awe na sehemu yake, walitumia maneno ya siri. Maneno hayo yalikaa katika faili kama yalivyo. Haukupita muda mrefu. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa hapo hapo, Allan Scherr, aliyekuwa akitaka muda zaidi wa kuitumia kompyuta ile, aliomba faili hilo lichapwe, akachapiwa, na maneno ya wenzake yote yakawa mkononi mwake. Hakuvunja mlango wala dirisha, maana karatasi ilitoka mashineni ikamjia.

Tangu hapo wataalamu walijifunza kwamba neno la siri lisihifadhiwe kama lilivyo, bali lisagwe kwanza. Hapa tutatumia mfano wa mashine ya kusaga, ambayo kila kijiji cha Uluguru kinaijua. Mwenye mahindi hupeleka mahindi yake, na hurudi na unga. Unga hauwezi kurudishwa ukawa mahindi. Lakini mahindi yale yale yakisagwa katika mashine ile ile hutoa unga ule ule. Basi mfumo wenye akili hauhifadhi neno lako, bali huhifadhi unga wake. Ukija kesho ukalitaja neno lako, mfumo hulisaga papo hapo na kulinganisha unga huu na ule uliowekwa ghalani. Vikifanana, mlango hufunguka. Mwizi akivunja ghala, atakuta unga tu.

Wezi nao hawalali. Walianza kuyasaga mapema maneno yote yanayopendwa na watu na kuweka orodha ya unga wa kila neno, ili wakiiba ghala walinganishe tu. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara za Bell za huko Marekani, walieleza katika maandishi yao dawa mbili. Ya kwanza ni kuifanya mashine isage polepole, ili mwizi anayetaka kusaga maneno milioni achoke. Ya pili ni kutia katika neno la kila mtu kitu kidogo cha bahati nasibu kabla ya kusaga, hata watu wawili wenye neno moja wawe na unga tofauti. Kitu hicho wataalamu wenyewe hukiita chumvi. Anayedharau mafunzo haya hulipa. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri yapatayo milioni 32, nayo yalikuwa yamehifadhiwa mabichi, bila ya kusagwa. Ndipo dunia ilipoona kwamba neno lililopendwa kuliko yote lilikuwa 123456.

Sasa tunaweza kuelewa kilichomfika mwalimu wetu wa mlimani. Serikali au taasisi inapoleta mfumo mpya, huleta na mashine mpya ya kusaga, iliyo bora kuliko ya zamani. Mashine mpya hutoa unga wa namna nyingine. Fundi akihamisha unga wa zamani na kuumwaga katika ghala jipya, halafu mwalimu akaja na neno lake lililo sahihi kabisa, mashine mpya italisaga, unga hautalingana, na mwalimu ataambiwa kwamba amekosea. Hakukosea hata herufi moja. Ni sisi tuliobadili mashine bila ya kumwambia.

Wataalamu wanazo njia mbili za heshima za kuuvuka mto huu. Njia ya kwanza ni kuhamisha unga wa zamani pamoja na kuitunza mashine ya zamani kwa muda. Mtumiaji anapokuja kwa mara ya kwanza, neno lake husagwa kwa mashine ya zamani. Likilingana, papo hapo husagwa tena kwa mashine mpya, unga mpya huwekwa na wa zamani hutupwa. Mwenyewe huingia bila ya kujua kwamba amehamishwa. Baada ya miezi kadhaa wengi watakuwa wamekwisha kuvuka, na waliobaki hushughulikiwa mmoja mmoja. Njia ya pili ni kutangaza kwamba kila mtu ataweka neno jipya, baada ya kuthibitisha kwanza kuwa yeye ndiye. Njia hii ni ya lazima ikiwa ghala la zamani lilikwisha kuvunjwa, au ikiwa mashine ya zamani ilikuwa dhaifu mno. Lakini inadai maandalizi makubwa, kwa sababu neno jipya litakuwa salama kwa kadiri ya usalama wa njia aliyothibitishiwa mtu. Mkimthibitisha kwa namba ya simu iliyokwisha kupotea, mmemfungia nje. Mkimthibitisha kwa namba ya kijana wa stesheneri, mmemkabidhi kijana nyumba.

Iko na njia ya tatu, ambayo tunaitaja kwa sababu imetufika wenyewe na tunaionea haya. Katika ofisi moja tuliyopata kuitumikia, ambayo hatutaitaja, siku ya kuhamia mfumo mpya ilipitishwa karatasi kutoka meza hadi meza, na kila mmoja wetu akaandika jina lake na neno lake la siri, "ili fundi atuingizie". Tuliandika sote, wakubwa na wadogo. Karatasi ilipofika mwisho ilitolewa nakala mbili. Hakuna aliyeuliza nakala ya pili ni ya nani. Chuoni, tulipokuwa watoto tukikaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, tulifundishwa kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe na haipitishwi mkono kwa mkono. Tuliyasahau mafundisho hayo kwa sababu kilichokuwa kikipitishwa hakikuwa fedha. Laiti ingelikuwa pochi za mishahara yetu, kila mmoja angeliishika ya kwake.

Hata hivyo tusije tukaeleweka kwamba tunapinga mabadiliko. Kinyume chake, twayataka. Chuo kile kile cha Massachusetts, ambako karatasi ilimjia mtafiti, ndicho kilichotunga katika miaka ya 1980 utaratibu uitwao Kerberos, ambao umekuwa mmoja wa wazee wa taratibu za kuwathibitisha watumiaji wa mtandao. Katika utaratibu huo mtu huthibitishwa mahali pamoja, hupewa kitu ambacho wataalamu hukiita tiketi, na kwa tiketi hiyo huingia katika huduma mbalimbali bila ya kulitaja tena neno lake. Abiria wa boti ataelewa mara moja. Ukaguzi hufanyika kwenye dirisha moja, kisha unaonyesha tiketi tu, na tiketi ya leo haifai kesho.

Faida yake kwa kazi za umma ni kubwa. Mtumishi mwenye mifumo sita na maneno sita huyaandika yote nyuma ya kalenda, lakini mwenye neno moja hulihifadhi kichwani. Aidha, mtumishi anapohamishwa kutoka Mvomero kwenda Kilosa, au anapostaafu, mlango wake hufungwa mahali pamoja, na siku hiyo hiyo huwa amefungiwa kote. Pale ambapo kila mfumo una orodha yake peke yake, jina la mstaafu huweza kuendelea kuishi katika orodha moja au mbili, na jina linaloishi bila ya mwenyewe ni kama nyumba tupu iliyoachwa wazi. Kwa hiyo nia ya kubadili kufuli ni njema. Lakini faida ile ile ni hatari ile ile: neno moja likifungua milango sita, neno hilo likiandikwa katika daftari la duka, milango sita iko wazi.

Mambo haya si mageni kwetu. Tuliyaona mwaka 2019, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza tarehe 1 Mei. Utaratibu ule uliacha kutegemea vitambulisho vya kila namna na ukataka namba ya kitambulisho cha Taifa pamoja na kidole cha mwenyewe. Lengo lilikuwa sahihi. Lakini namba za Taifa zilikuwa hazijawafikia wananchi wote, na mwezi wa Desemba ulipofika misururu katika ofisi za vitambulisho ilikuwa mirefu. Muda wa mwisho, uliokuwa tarehe 31 Desemba, 2019, ulisogezwa na Rais John Magufuli mpaka tarehe 20 Januari, 2020, na baada ya hapo ndipo laini zilipoanza kufungwa kwa awamu. Tuliyaona tena mwaka 2023, ununuzi wa umma ulipohama kutoka mfumo wa TANePS kwenda mfumo mpya wa NeST, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo NeST ikawa ndiyo njia. Muuza mbao na fundi wa ujenzi walioizoea nyumba ya zamani iliwapasa wajifunze milango ya nyumba mpya, la sivyo zabuni ziwapite. Kila uhamisho wa aina hii una watu wake wanaobaki ng'ambo, na mara nyingi si wale wenye kompyuta mezani. Ni wale wa mlimani, wa visiwa vidogo, wazee, na waliobadili namba za simu.

Na Uluguru, ndugu wasomaji, ni mahali pazuri pa kujifunza somo hili, kwa sababu milima ile ilikwisha kutoa darasa tangu enzi za ukoloni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa milima ya Uluguru, na wakulima wakaamrishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Mtu akiusikia mpango ule katika karatasi ataona ni mpango wa busara. Nani asiyetaka udongo wake usichukuliwe na mvua? Lakini udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za milima ile ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kuliufukia udongo mzuri na kuutoa juu ule usiozaa. Kazi ilikuwa ya shuruti, na walioamrisha hawakukaa na kuwauliza Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama na ambao ardhi yao ni ya ukoo. Mwaka 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa.

Lakini habari haiishii hapo. Upande wa pili wa milima, huko Mgeta, ambako wakulima walikuwa wakilima mboga na kuzipeleka sokoni, matuta ya ngazi yalikubalika zaidi, na mpaka leo mtu akipanda Mgeta huyaona yakiwa na kabichi na karoti. Milima ni ile ile na watu ni wale wale. Mgeta mkulima aliiona faida shambani mwake. Matombo aliona amri tu.

Mtu atasema, matuta na maneno ya siri vinahusiana vipi? Vinahusiana kwa hili: jambo jema lililofikiriwa ofisini, likateremshwa kwa tarehe ya mwisho na kwa vitisho, bila ya kupimwa juu ya ardhi ambamo watu wanaishi, huwa balaa kwa yule lililokusudiwa kumsaidia. Mwalimu wetu hakupigwa risasi, wala hakuandamana. Alinyamaza, akalipa ujira, na akaacha ufunguo wake katika daftari. Upinzani wa siku hizi hauna kelele. Watu hutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ndiyo apitayo mwizi.

Na mwizi yuko. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania zilizotolewa mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa iliyoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa njia ya simu. Hatusemi hayo kuwatia aibu ndugu zetu wa Morogoro, waliotupokea kwa ukarimu mkubwa. Twasema ili ieleweke kwamba msimu wa kuhama mifumo ndio msimu wa mavuno wa walaghai. Siku ambayo ofisi inatangaza kwamba maneno ya siri yatabadilishwa, siku hiyo hiyo mlaghai naye anaweza kutuma ujumbe wake: "Mfumo umebadilika, tuma neno lako la siri upate kuhamishwa." Mwananchi ambaye hakuelezwa mapema atawezaje kuitofautisha sauti ya Serikali na sauti ya mwizi, ikiwa zote mbili zinamwamrisha na zote mbili zinamharakisha?

Jambo moja latupa matumaini. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, Watanzania wamefundishana wenyewe kwa wenyewe kwamba namba ya siri ya fedha haitajwi. Bibi kizee mbele ya wakala huigeuza simu na kuifunika kwa kiganja. Hakuna aliyemsomesha chuo. Alielewa, kwa sababu alijua kilichoko nyuma ya namba ile ni fedha yake. Mwalimu yule yule aliyeacha neno lake katika daftari, tuna yakini, asingelimtajia kijana yule namba yake ya fedha. Basi kazi iliyobaki ni kumwonyesha kwamba nyuma ya neno la mfumo wa kazi kuna jina lake, cheo chake, taarifa za familia yake, na saini yake isiyo na wino. Likiharibika jambo kwa jina lake, ni yeye atakayeitwa kujieleza.

Sisi wa Visiwani tusisome habari hii kana kwamba ni ya milimani. Wengi wetu tuna kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi mfuko huu na kitambulisho cha Taifa mfuko ule, na mifumo ya pande zote mbili hutuhusu. Mtumishi wa Micheweni au wa Makunduchi anayeambiwa aende mjini kuthibitishwa hana tofauti na mwalimu wa Uluguru, ila tu kwamba baina ya mwenzetu wa Pemba na makao makuu kuna bahari. Kama Bara imekwisha kujikwaa mahali, ni busara sisi tukaliona jiwe.

Kwa hivyo tunatoa rai kwa viongozi na watendaji wanaohusika.

Kwanza, watu waelezwe kabla ya tarehe, na waelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, katika mikutano ya vijiji na shehia, skulini na katika redio: nini kinabadilika, kwa nini, na ofisi haitamwuliza mtu neno lake la siri kwa simu wala kwa ujumbe.

Pili, namba za simu na vitambulisho vya watumiaji visahihishwe kwanza, ndipo kufuli ibadilishwe. Ofisi ikianza kwa kubadili kufuli itawathibitisha watu wasiokuwepo na kuwakataa waliopo.

Tatu, pale ambapo mashine ya zamani bado ni salama, watu wahamishwe kimya kimya wanapoingia, kwa njia ya kwanza tuliyoieleza. Amri ya kubadili kwa wote itumike pale tu inapolazimu. Na wale wenye tabia ya kuwalazimisha watumishi kubadili neno kila baada ya miezi mitatu bila ya sababu wajue kwamba Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani tangu mwaka 2017 imeshauri jambo hilo liachwe, kwa sababu mtu anayelazimishwa hubadili tarakimu ya mwisho tu, au huandika ukutani.

Nne, awepo mtu wa kusaidia katika ngazi ya kata na shehia, aliyefundishwa, anayejulikana, na mwenye kumwacha mwananchi aandike neno lake kwa mkono wake mwenyewe huku yeye akitazama kando. Vijana wa stesheneri wasifukuzwe katika kazi hii. Wafundishwe, maana wananchi wamekwisha kuwaamini, na imani ya watu ni mtaji ambao ofisi nyingi hazina.

Tano, karatasi za kukusanya maneno ya siri zipigwe marufuku maofisini, na mkubwa wa ofisi awe wa kwanza kukataa kuandika. Mkubwa anayempa katibu wake neno lake ili "amfungulie" amekwisha kutoa saini yake kwa mdomo.

Sita, tarehe ya mwisho isiwe upanga. Mtu aliyechelewa awe na mlango wa pembeni, wenye mlinzi, wa kuingilia.

Na sisi wananchi pia tuna wajibu. Tusiseme kwamba mambo haya ni ya vijana. Sentensi moja ndefu ya maneno ya kawaida, ambayo mtu ameitunga mwenyewe na haijui mwingine, ni kufuli imara kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Aliyekwisha kuacha ufunguo wake katika daftari la mtu, na arudi leo akaubadilishe.

Siku ya kuondoka tulipita tena pale stesheneri. Tulimweleza kijana yale tuliyoyaandika hapa. Alisikiliza, akatazama daftari lake, akasema: "Mzee, mimi mwenyewe silitaki. Likipotea nitaambiwa mimi mwizi. Lakini nikiwaambia waweke wenyewe, wananiuliza, sasa tukisahau twende wapi?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Jibu hilo liko kwa wale wanaobadili kufuli, na tunangoja walitoe kabla ya kufuli inayofuata.